Namba Huanza na Neno: Juu ya Kuchagua Mbinu za Utafiti wa Uzamivu

UTANGULIZI

Ukikaa na wanafunzi wa fasihi kantini, mazungumzo yakafika kwenye kusoma zaidi, utasikia kauli moja ikirudiwa kama kiitikio: "Mimi nikifika uzamivu nitafanya utafiti wa kimaelezo. Hesabu niliziacha kidato cha nne." Tunacheka, tunaagiza chai nyingine, na suala linaishia hapo. Wenzetu wa uchumi na takwimu nao wana kiitikio chao: eti utafiti usio na jedwali ni porojo zilizopigwa chapa na kujaladiwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli zote mbili zina kasoro ileile. Kila upande unachagua mbinu kabla ya kuwa na swali. Hoja yangu ni nyepesi kuisema, ingawa ilinichukua likizo nzima kuielewa: kila namba ya utafiti huanza na neno ambalo mtu fulani aliulizwa, na kila maelezo ya utafiti yamebeba namba ambayo mwandishi hakuitaja. Asiyejua kusoma neno atahesabu vibaya. Asiyetaka kuhesabu ataandika "wengi" na "aghalabu" bila kujua anasema nini. Mifano yangu mingi nitaitoa katika bonde la Kilombero, ambako ni kwetu, kwa sababu ni bonde lililotafitiwa sana, na kwa sababu yapo niliyoyaona kwa macho yangu.

MIKABALA YENYEWE

Kwanza tukubaliane juu ya istilahi. Utafiti wa kitakwimu hutafuta kiasi, mtawanyiko na uhusiano baina ya mambo yanayopimika. Vyombo vyake ni sensa, vipimo, na hojaji yenye majibu yaliyokwisha kupangwa. Nguvu yake iko katika sampuli: ukiwachagua watu kwa bahati nasibu, kila mmoja akiwa na nafasi ya kuchaguliwa, wachache wanaweza kuwasemea wengi, na unaweza hata kukadiria umekosea kwa kiasi gani.

Utafiti wa kimaelezo hutafuta maana, sababu na namna. Vyombo vyake ni mahojiano ya kina, majadiliano ya vikundi, kuishi na watu na kushuhudia wanavyofanya, na usomaji wa matini. Hapa watu hawachaguliwi kwa bahati nasibu, bali kwa kuwa wanajua jambo linalotafutwa. Mtafiti huendelea kuuliza mpaka aone mahojiano mapya hayaleti jipya tena.

Tuchukue Mlimba, mji mdogo wa reli ulio chini ya milima, upande wa kusini-magharibi wa bonde. Ukiuliza, "Ni kaya ngapi zinazolima mpunga?", umeuliza swali la kitakwimu, na hadithi hata iwe tamu vipi haitakujibu. Ukiuliza, "Mkulima wa mpunga ana maana gani anaposema mwaka huu ni wa njaa?", huna budi kuketi naye. Kwenye karatasi tofauti hii inaeleweka kwa dakika tano. Uwandani ndiko inakokupiga chenga.

KISANDUKU CHA "HAPANA"

Likizo ndefu iliyopita nilipata kibarua cha udadisi nyumbani. Mtafiti mmoja wa shahada ya uzamivu, ambaye sitamtaja yeye wala chuo chake, alihitaji vijana wanaojua vichochoro vya mji. Tukapewa mafunzo ya siku mbili, rundo la hojaji, na onyo moja lililorudiwa mara nyingi: usibadili swali, usiongeze neno. Mdadisi akiongeza la kwake, majibu ya nyumba hii hayawezi kulinganishwa na ya nyumba ile.

Swali moja lilisema: "Katika wiki mbili zilizopita, kuna mtoto wa chini ya miaka mitano katika kaya hii aliyeugua malaria?" Majibu yalikuwa visanduku vitatu: Ndiyo, Hapana, Sijui.

Nyumba moja karibu na reli nilimkuta mama kijana amempakata mtoto wa kama miaka miwili, kafunikwa khanga hadi kichwani.

"Hodi hapa. Habari za hapa, dada?"

"Nzuri, karibu kaka. Samahani sinyanyuki, huyu kanikesha."

Nikavuta kigoda, nikaanza maswali. Tulipofika kwenye malaria akajibu upesi: "Hapana."

Nikamtazama mtoto. "Na huyu je?"

"Huyu hana malaria, kaka. Huyu ni degedege. Jana usiku alikakamaa, macho yakageuka. Bibi yake kaenda kumtafutia dawa."

Nikakumbuka onyo. Nikaweka alama kwenye Hapana, nikaendelea na swali la chandarua.

Jioni nilimsimulia bibi yangu kisa hicho, nikikitoa kama kichekesho cha kazini. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Sasa wewe msomi wangu, ukaandika hapana, ukaondoka?" Akajitanda khanga, tukaongozana usiku uleule. Nyumbani kwa yule dada, bibi alizungumza na bibi wa mtoto, mtu mzima kwa mtu mzima, mimi nikiwa nje. Sijui walisemezana nini. Ninachojua ni kwamba mtoto alipelekwa kituo cha afya, akatobolewa kidole, kipimo kikaonyesha malaria. Alilazwa, akapona.

Hojaji ilikuwa imeshakusanywa. Nilipomweleza mtafiti alinisikiliza kwa upole, akasema kisa kimoja hakibadili data, na kwamba akirekebisha moja itambidi arekebishe zote. Kwa kanuni za kazi yake alikuwa na hoja. Swali lililonikaa kichwani mpaka leo ni hili: hizo zote ni ngapi?

Watakwimu wana istilahi mbili ambazo hapa zinatufaa. Uthabiti ni chombo kutoa jibu lilelile kila kinapotumiwa. Uhalali ni chombo kupima kile kinachodai kupima. Hojaji yetu ilikuwa thabiti kabisa: ungemuuliza yule dada mara kumi, angekujibu hapana mara kumi. Haikuwa halali. Haikupima ugonjwa, ilipima neno. Neno "malaria" katika hojaji lilitoka hospitali. "Degedege" lilikuwa neno la nyumbani, lenye chanzo chake, dawa zake na miiko yake. Watafiti wameandika kuhusu sehemu mbalimbali za nchi yetu ambako huaminika kuwa mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Mama mwenye imani hiyo akienda kwanza kwa mganga, hajazembea. Anafuata mantiki ya neno alilo nalo.

Kwa wale wanaodhani utafiti wa kimaelezo ni wa kuchangamsha baraza tu, nitataja tasnifu moja ya uzamivu iliyotokana na kazi ya Ifakara. Susanna Hausmann Muela, aliyetetea tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, mwaka 2000, alichunguza jinsi watu wa huku wanavyoielewa malaria na wanavyotafuta tiba. Mwaka 1998 yeye na wenzake walikuwa wamekwisha chapisha makala iliyoonyesha jambo ambalo hakuna mtunga hojaji angeliotea mezani: kwamba uchawi huweza kusadikiwa kuwa unaleta malaria ya bandia, au unavificha vijidudu ili kipimo cha hospitali kisivione. Kwa hiyo mtu anaweza kwenda kwa mganga ili vijidudu "vifichuliwe", kisha akaenda hospitali dawa ikafanya kazi. Mtu huyo utamwandika wapi: mwenye kuamini hospitali, au mwenye kuamini uganga?

Sisi wa fasihi tunaitambua hali hii mara moja. Ni msuko wa hadithi. Kuna mhusika aliyejificha, kuna mwenye uwezo wa kumfichua, kuna mpangilio wa matukio ambao ukiuvuruga mwisho haufiki. Kusoma mambo ya namna hiyo ndiyo kazi tunayofundishwa miaka yote mitatu.

MTOTO ASIYEKUFA HANA HADITHI

Msomaji anaweza kuhisi kwamba nimeshatoa hukumu, kwamba hojaji zitupwe na masimulizi yatawale. La hasha. Bonde hilihili lina mfano wa upande wa pili, nao ni mzito zaidi.

Kuanzia mwaka 1996, watafiti wa Ifakara waliweka utaratibu wa kuzifuatilia kaya za vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi minne, wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, nani kahamia. Mwaka 1997 ulianza mradi wa kuuza vyandarua vilivyotiwa dawa katika wilaya hizo mbili, kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2001 katika jarida la kitabibu la Lancet yalionyesha kwamba vyandarua hivyo viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne.

Sasa hebu tujiulize: ni mahojiano gani ya kina yangeweza kutupa jambo hilo? Mama ambaye mtoto wake alikufa ana hadithi, na ukikaa naye kwa heshima anaweza kukusimulia. Mama ambaye mtoto wake alilala ndani ya chandarua akaamka salama hana la kusimulia, kwani hakuna kilichotokea. Hajui kwamba usiku fulani mbu aliyekuwa aje hakuingia. Mtoto asiyekufa hana hadithi. Huonekana tu pale maelfu ya kaya yanapohesabiwa kwa uvumilivu, mwaka baada ya mwaka, na wenye chandarua kulinganishwa na wasio nacho.

Namkumbuka rafiki yangu mmoja wa darasani aliyesema namba hazina utu. Nilimjibu kwamba wapo watoto wa Kilombero ambao uhai wao tumeweza kuuona kwa njia ya namba peke yake. Akauchuna.

VITA VYA MAJIMAJI: NANI ALIHESABU, NANI ALISIMULIA

Mfano wa tatu unaturudisha nyuma, nao unaonyesha mikabala yote miwili ikigombea tukio moja.

Mwaka 1935 bwana na bibi Culwick, yaani A. T. Culwick, ofisa wa serikali ya kikoloni, na mkewe G. M. Culwick, walichapisha kitabu kiitwacho Ubena of the Rivers, kuhusu Wabena wanaoishi huku bondeni. Ndani ya kitabu hicho imo sura ya historia iliyotolewa na Mtema Towegale Kiwanga, mtawala wa Wabena hao mwenyewe. Mwaka 1938 walichapisha pia utafiti juu ya idadi ya watu wa Ulanga, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha bonde la Kilombero. Watafiti walewale, bonde lilelile: mara wakasikiliza, mara wakahesabu.

Kuhesabu kwa namna hiyo kulitoa jambo moja la kutisha. Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905, na tarehe 30 Agosti mwaka huo wapiganaji waliishambulia boma ya Wajerumani ya Mahenge. Katika kuvizima vita hivyo Wajerumani walichoma mazao na ghala, ikafuata njaa. John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika iliyotoka mwaka 1979, anataja makadirio yaliyofanywa miaka 30 baadaye, kwamba njaa ile ilipunguza uzazi wa wanawake walionusurika kwa zaidi ya asilimia 25. Tafakari habari hiyo. Wanawake hao hawakuandikwa katika orodha yoyote ya majeruhi. Jeraha lao lilionekana pale tu mtu alipowauliza, mmoja mmoja, wamezaa wangapi, kisha akajumlisha.

Ama kuhusu waliokufa, makadirio ya Wajerumani yalikuwa watu 75,000. Gilbert Gwassa, aliyemaliza tasnifu yake ya uzamivu juu ya vita hivyo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, alikadiria kuwa ni kati ya 250,000 na 300,000. Pengo hilo halikutokana na mmoja kujua kujumlisha na mwingine kutojua. Linatokana na swali: ukisema "waliokufa vitani", je, aliyekufa kwa njaa mwaka 1907 porini, akila mizizi, yumo au hayumo? Neno "vitani" likibadilika maana, namba nayo inabadilika.

Kuna somo jingine hapa linalotuhusu sisi hasa. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo chetu, wakati huo kikiwa Chuo Kikuu Kishiriki, walikwenda makwao kuwahoji wazee waliovikumbuka vita au waliosimuliwa na wazazi wao. Walikuwa vijana wa shahada ya kwanza kama mimi na wewe. Walichokusanya ni masimulizi, nyimbo, majina ya watu na mahali: mali ghafi ya fasihi simulizi. Bila kazi ya namna hiyo tungebaki na hesabu za maiti, bila kujua kwa nini watu wa makabila mbalimbali waliliamini neno "maji" kiasi cha kuikabili bunduki. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthiliya yake ya Kinjeketile, na swali linaloiendesha ni hilohilo la neno na nguvu zake. Wazee wale wametutoka. Yasiyoulizwa mwaka 1968 hayataulizwa tena.

STAKABADHI ZA RELI

Je, lazima tuchague upande mmoja? Siyo lazima. Mfano mzuri unapita katikati ya Mlimba kwa magurudumu ya chuma.

Jamie Monson, mwanahistoria Mmarekani, alifanya utafiti wake wa uzamivu juu ya mabadiliko ya kilimo katika bonde la ndani la Kilombero kati ya miaka 1840 na 1940, akaukamilisha mwaka 1991 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Baadaye alirudi kuitafiti reli ya TAZARA, iliyojengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kuanzia mwaka 1970, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kitabu chake, Africa's Freedom Railway, kilitoka mwaka 2009.

Kinachonivutia ni vyanzo vyake. Alitumia stakabadhi za vifurushi vilivyosafirishwa kwa treni, vile vikaratasi ambavyo wengi wetu tungefungia maandazi. Zikikusanywa na kupangwa, stakabadhi huonyesha bidhaa gani ilitoka stesheni gani kwenda wapi, na kwa wingi gani katika msimu upi. Hizo ni namba. Pamoja na hizo alikusanya masimulizi ya maisha ya wakulima, wachuuzi na wafanyakazi wa reli. Stakabadhi itakuambia kwamba magunia ya mchele yalipakiwa. Haitakuambia kwamba mwenye magunia ni mjane aliyeanza na debe moja la kukopa. Naye mjane atakueleza safari yake yote, ila hawezi kukuambia kama wachuuzi wa aina yake walikuwa watano au mia tano. Kila chanzo kinaziba pengo la mwenzake, na pale vinapokinzana ndipo utafiti unaponoga.

SISI NA MIZANI ZETU

Turudi sasa kwenye fasihi yenyewe, maana naona msomaji anauliza: malaria na reli vinatuhusu nini?

Kwanza, siyo kweli kwamba sisi hatuhesabu. Fasihi ya Kiswahili ina mojawapo ya mapokeo makongwe ya kuhesabu. Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, alitueleza vina na mizani. Shairi lililozoeleka lina mishororo minne kila ubeti, kila mshororo mizani 16, nane za kipande cha kwanza na nane za kipande cha pili. Jumla ni mizani 64. Mwalimu wa shule ya msingi anayegonga meza kwa kidole kuhesabu silabi anafanya utafiti wa kitakwimu, tena bila uoga.

Na mgogoro mkubwa wa ushairi uliofuata baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974 ulikuwa, kwa jicho langu, mgogoro wa mikabala. Upande wa wanamapokeo, ambao Jumanne Mayoka aliutetea katika kitabu chake cha mwaka 1986, ulishikilia kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi. Upande wa Mulokozi na Kahigi ulijibu kwamba ushairi haumo katika hesabu ya silabi. Nadhani kila upande ulikuwa unajibu swali lake. Mizani 16 hujibu vizuri swali, "Je, utungo huu umefuata arudhi?" Hazijibu swali, "Je, utungo huu unatuambia nini?"

Pili, uhakiki wetu umejaa namba zilizovaa baibui. Fungua tasnifu yoyote utaona: "Wanawake wengi katika riwaya za Kiswahili wamechorwa kama viumbe dhaifu." Wengi ni wangapi? Katika riwaya zipi, zilizochaguliwaje? Mhakiki amesoma riwaya nne alizozipenda, akatoa hukumu juu ya mia. Mwenzake wa takwimu angeaibika kufanya hivyo.

Wapo waliohesabu na wakabaki wahakiki. Vladimir Propp, Mrusi, alizichambua ngano 100 za kwao na mwaka 1928 akaeleza kwamba zimejengwa kwa matendo 31 ya wahusika yanayofuatana kwa utaratibu maalumu. Milman Parry, Mmarekani, aliichambua mishororo 25 ya mwanzo ya kila utenzi wa Homer akitafuta virai vinavyojirudia. Wingi wa virai hivyo ulimfanya ashuku kwamba tendi zile zilitokana na utungaji wa papo kwa papo, bila kalamu. Lakini hakuishia hapo. Alikwenda Yugoslavia miaka ya 1930 kuwasikiliza manju walio hai, na mwanafunzi wake Albert Lord ndiye aliyeyaeleza matokeo kwa ukamilifu mwaka 1960. Hesabu ilizaa swali. Masikio yakalijibu.

JINSI YA KUCHAGUA

Tuseme mwenzetu anataka kufanya uzamivu juu ya bembelezi za Kindamba huko Mlimba. Hiyo ni mada. Bado si swali. Tazama inavyobadilika:

(a) "Ni akina mama wangapi wa chini ya miaka 30 wanaobembeleza watoto kwa Kindamba, na wangapi kwa Kiswahili?" Hapa huna ujanja, hesabu. Tena usihesabu uliowakuta stesheni siku ya treni, maana hao ni wachuuzi na wasafiri. Pata orodha ya kaya, chagua kwa bahati nasibu, na ufike hata kwa aliye mbali, ng'ambo ya mto.

(b) "Bembelezi zinasema nini juu ya mama aliyeolewa mbali na kwao?" Hapa hojaji itakuaibisha. Utahitaji waimbaji wachache wanaokuamini, muda mrefu, na uwezo wa kusoma picha na mafumbo.

(c) "Kuja kwa watu wa mikoa mingine, Wasukuma na mifugo yao, Wahehe, Wanyakyusa, kumebadilisha bembelezi vipi?" Hapa unahitaji yote mawili, na utaratibu una maana. Anza kwa kusikiliza ili ujue maneno ya wenyewe. Kisha tunga hojaji kwa maneno hayo. Mwisho rudi kwa wachache kuwauliza juu ya namba zilizokushangaza.

Kutokana na mfano huu napendekeza mtafiti ajiulize mambo manne kabla hajaandika pendekezo lake. Swali langu linataka "ngapi" au "kwa nini"? Maneno ninayotaka kuyahesabu, je, yana maana moja kwangu na kwa nitakaowauliza? Nikikosea, nani ataumia? Na je, nina muda, fedha na msimamizi anayeijua mbinu hiyo? Hili la mwisho si dogo. Mbinu mseto zina fahari yake, lakini miaka mitatu ni michache, na tasnifu nusu ya namba na nusu ya maelezo inaweza kuishia kuwa robo ya kila kimoja. Ni heri mbinu moja iliyofanywa kwa uaminifu.

Jambo ambalo halimo katika orodha yangu ni, "Je, napenda hesabu?" Hilo ni swali juu ya mtafiti, nasi tulikuwa tunazungumzia utafiti.

HITIMISHO

Nimejaribu kuonyesha kwamba kuchagua baina ya takwimu na maelezo ni kuchagua swali, na kwamba kila mkabala una jambo usiloliona. Takwimu haioni maana iliyomo ndani ya neno. Maelezo hayamwoni mtoto ambaye hakufa. Mwanafunzi wa fasihi hana sababu ya kuingia uwandani kichwa chini. Ujuzi wake wa neno unahitajika pale hojaji inapotungwa, kabla haijachapwa.

Mwezi uliopita nilipita Mlimba nikamwona yule mtoto akikimbiza tairi kando ya reli. Mama yake akanisalimu, akauliza kama bado nazunguka na makaratasi. Nikamwambia nimeacha. Katika tasnifu ile, ikikamilika, nyumba yake itahesabiwa miongoni mwa zisizokuwa na malaria. Nimemwandikia mtafiti barua kumwomba aongeze walau tanbihi moja juu ya neno degedege. Sijapata jibu, lakini nadhani barua hiyo ndiyo uhakiki wangu wa kwanza uliokuwa na maana.

Wenzangu wa Idara na walimu wetu, msinyamaze. Mwenye hoja tofauti ailete katika toleo lijalo, tuendeleze mjadala.